Mbwa Asiyetua Mzigo

"Umekuja na bunduki, Sajini?"

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya kwanza ya Mashaka, mjumbe wa nyumba kumi wa kijiji cha Mkungamo, alipokutana na Sajini Mwinshehe kwenye kivuko cha mto Ruvu. Salamu zilikuja baadaye.

"Nimekuja na kalamu," Mwinshehe alijibu. "Bunduki ya nini, Ndugu Mjumbe?"

"Ya mbwa wa marehemu Anselmi. Amepata kichaa, hali wala hanywi. Tangu bwana wake afe anazunguka na kijiti mdomoni, na kila anakozunguka anaishia mlangoni kwangu. Nimemtupia mawe mpaka bega limeniuma. Ipo siku atamng'ata mtoto wa mtu."

"Yuko wapi sasa?"

"Mjane amemfunga kamba tangu jana, kule kwenye mashine ya maji. Nilimwambia nitaleta askari."

Mashaka alikuwa mtu nadhifu, kofia yake imefuliwa ikapigwa wanga. Alikuwa akirudi kwake, ng'ambo ya mto, ambako nyumba mpya za kijiji zilikuwa zimejengwa mistari miwili tangu watu walipohamishwa kutoka mashambani. "Ukimaliza huku uvuke," alisema akiingia kwenye mtumbwi. "Chakula cha mchana ni kwangu."

Mwinshehe alimshukuru. Alisimama akiutazama mto. Masika yalikuwa yameujaza mpaka kwenye mizizi ya mikuyu. Maji yalikuwa mekundu, yakibeba matete, magogo na mapovu kuelekea baharini.

Kituoni Kibaha jalada la kifo cha Anselmi lilikuwa limekwisha kufungwa. Anselmi, mlinzi wa mashine iliyosukuma maji ya kijiji, alikuwa ameokotwa kwenye matete akiwa na jeraha kisogoni. Siku chache kabla ya hapo Abeid, kijana mvuvi, alikuwa amegombana naye kwa sababu Anselmi alikata nyavu zake zilizoziba bomba. Abeid alisema mbele ya watu, "Nitakutosa mtoni wewe." Kasia lake lilikutwa na damu. Jumatatu angepelekwa mahakamani Dar es Salaam kwa kosa la kuua, na kosa hilo adhabu yake ni kitanzi.

Lakini Mwinshehe alikuwa amesoma karatasi ya daktari. Jeraha lilikuwa dogo, la mviringo, limebonyea kama alama ya kikombe cha kahawa. Kasia ni bapa. Na damu ya samaki kwenye kasia la mvuvi, alijiuliza, itakosaje kuwapo? Mkuu wake alimpa Jumamosi hii moja tu.

*

Stellamaris, mjane wa Anselmi, alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha nyumba ya mashine, kitambaa cheusi kichwani. Karibu yake, kwenye nguzo, alifungwa mbwa.

Mwinshehe alizaliwa Gwata na mbwa aliowajua walikuwa wale wa kuwindia, wembamba, rangi ya mchanga. Huyu alikuwa mweusi tii, manyoya yamejikunja kama ya kondoo. Alikaa wima kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Mdomoni aliuma kitu cheusi, kifupi kama mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi kiganja. Mwinshehe alipita upande wa mbali, jinsi alivyolelewa kupita penye mbwa.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Umekuja kumpiga risasi Fisimaji?"

"Ndilo jina lake?"

"Anselmi alimwita hivyo kwa vile anavyoogelea. Alimrithi kwa mzungu mmoja aliyekuja kupima mto, alipoondoka akamwachia. Watu wa hapa wanamwita fisi tu, maji wameyatoa."

"Mjumbe anasema ana kichaa. Hali wala hanywi."

Stellamaris aliinuka, akachota maji kwenye bakuli la bati, akaliweka mbele ya mbwa. Fisimaji alishusha kile kitu polepole katikati ya miguu yake ya mbele, akakikanyaga kwa mguu mmoja, akanywa mpaka bakuli likabaki tupu. Kisha akakiuma tena, akakaa wima.

Mwinshehe alilitazama lile bakuli. Utotoni aliwahi kumwona mbwa wa kichaa. Hakuweza kumeza hata mate yake, udenda ulimtoka kama uzi. Basi jambo la kwanza aliloambiwa leo lilikuwa si kweli. Na kitu kile, sasa alipokiona kimelala chini, hakikuwa kijiti.

"Mpe maji tena, tafadhali."

Mara ya pili alichutama, karibu kuliko alivyokusudia. Kilikuwa kimechongwa, laini, kichwa kimoja kinene na cha mviringo, shingoni kimezungushiwa mistari miwili.

"Mama, huu ni mchi. Mchi wa kinu kidogo, wa mpingo."

"Mimi niliona kipande cha mti mweusi tu. Hanipi niuone. Amekuwa nao tangu asubuhi ile Anselmi hakurudi."

"Hakupi hata wewe?"

"Hanipi. Mimi sikuurusha."

Mwinshehe alimtazama asielewe. Stellamaris akakaa tena, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapata joto.

"Afande, huyu si mbwa wa kulinda. Hajapata kumng'ata mtu. Ukiinua fimbo umpige, hakuangalii wewe, anaangalia fimbo, anangoja uitupe. Kazi yake ni moja. Ukirusha kitu majini anakifuata popote, anakuletea wewe uliyerusha, mkononi. Hatui chini mbele yako. Hampi mwingine. Saba Saba iliyopita watu watatu walisimama hapo ukingoni. Anselmi akarusha kofia, Mzee Kondo wa mtumbwi akarusha kata, Abeid akarusha boya la wavu. Vyote kwa pamoja. Vikasambaa na mkondo. Akavifuata kimoja kimoja mpaka kule kwenye kona ya mto. Kila mtu alipewa chake. Watu walinyamaza, Afande. Waliokuwa wakicheka walinyamaza."

"Lakini hivyo vinaelea. Mpingo hauelei."

"Anazamia." Alisema kama anayetaja jambo la kila siku. "Anselmi aliangusha spana ya mashine palipo na kina. Tukasema imekwenda. Fisimaji akachungulia maji, akazama, yakafunga juu yake yakatulia kabisa. Mimi nilianza kumwita Bikira Maria. Akaibuka hana kitu, akavuta pumzi, akazama tena. Mara ya tatu alitoka nayo, inamvuta kichwa chini, pua tu iko juu ya maji. Ona miguu yake."

Aliinua mguu mmoja wa mbwa na kutanua vidole. Katikati ya vidole palikuwa na ngozi nyembamba, kama ya bata. Mwinshehe aliinama zaidi atazame. Alikuwa ameishi kando ya mto huu maisha yake yote, hajui kwamba kiumbe cha nchi kavu kinaweza kuwa kimeumbwa hivyo.

Alipanga mambo kichwani. Mtu akitaka kupoteza kitu mtoni, huchagua kinachozama. Aliyerusha mchi huu alijua mpingo hauibuki. Aliurusha mbele ya mbwa, maana mbwa hakuachana na Anselmi. Na kichwa cha mchi kilikuwa na upana wa kikombe cha kahawa.

"Kwa nini hakumsaidia bwana wake?" aliuliza kwa upole.

Stellamaris alitazama mto. "Nimejiuliza hilo kila asubuhi."

Mwinshehe alikuwa na jibu, lakini hakulisema. Mkono ulipoinuka, mbwa alitazama mchi. Mchi uliporushwa, akaufuata, kama alivyofundishwa. Alipokuwa chini akiutafuta kwenye giza la maji, Anselmi alisukumwa mkondoni. Alipoibuka na kazi yake imetimia, ukingo ulikuwa mtupu.

"Mama," alisema, "mfungue."

*

Fisimaji hakukimbia. Alitembea moja kwa moja hadi kivukoni, akaketi kwenye tope kando ya mtumbwi wa Mzee Kondo, akatazama ng'ambo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Sajini. Abiria wako huyo halipi nauli."

"Amekuwa akivuka?"

"Kila siku, mpaka jana alipofungwa. Hataki mtumbwi wangu. Nadhani hauamini." Mzee Kondo alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana kwa kusukuma mtumbwi kwa upondo. "Asubuhi ile Anselmi hakurudi nilikuwa na abiria wengi, mjumbe akiwamo, anarudi kwake. Huyu akatoka kwenye matete ya kidimbwi cha juu, akaogelea mpaka kwetu, akaweka kidevu kwenye ubavu wa mtumbwi, hapo hapo alipokaa mjumbe. Kina mama wakamtania, 'Mjumbe, mpokee mgeni wako, amekuja na zawadi.' Mjumbe akampiga teke la uso. Mate ya mbwa, tena amelowa, na yeye ana kanzu ya kuswalia."

"Alikuwa anatoka wapi asubuhi hiyo?"

"Huko juu, kidimbwini. Alisema alikwenda kutazama mbuzi." Mzee Kondo alitema mate majini. "Mbuzi wake sijawaona huko. Niliona samaki. Wadogo wadogo, wanaelea matumbo juu."

Mwinshehe aliyaweka moyoni. "Na Abeid? Mbwa aliwahi kumpelekea kitu hicho?"

"Siku mlipomchukua Abeid alipita hapa na pingu. Mbwa alikuwa hapo alipo sasa. Alimpita kama anavyopita mti."

Waliondoka. Mkondo uliukamata mtumbwi kwa nguvu, ukauinamisha, na Mzee Kondo akaegemea upondo mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mwinshehe aligeuka nyuma. Fisimaji alikuwa ameingia majini bila mshindo, kama mtu anayejifunika shuka.

Hakulenga ng'ambo. Alipanda kwanza na ukingo, akiogelea dhidi ya mkondo mahali maji yalipokuwa mepesi, mpaka alipofika mbali juu yao. Hapo ndipo alipogeuka na kuuachia mto umbebe huku akikata kuelekea upande wa pili. Mkia wake ulinyooka nyuma ukipinda kushoto na kulia kama usukani. Mchi ulikaa juu ya maji, sawasawa, haukulowa.

"Ndivyo ninavyovuka mimi," alisema Mzee Kondo. "Napanda kwanza. Baba yangu alinichapa miaka miwili mpaka nikajua. Huyo nani kamchapa?"

Gogo kubwa lilikuwa likija, matawi yake yakijizungusha. Mwinshehe alifungua mdomo apige kelele, kwa mbwa, jambo ambalo hajapata kulifanya maishani. Gogo lilimfikia. Kichwa cheusi kikatoweka, mchi na vyote. Matawi yakapita juu ya mahali alipokuwa, yakaendelea kupita, na mto ukabaki mtupu na mwekundu.

"Subiri," alisema Mzee Kondo. Hakuwa akisukuma tena.

Kichwa kiliibuka upande wa pili wa gogo, macho wazi, mchi mahali pake. Fisimaji alipuliza maji puani, akaendelea na safari kama aliyekuwa ameinama kupita mlangoni.

"Subhanallah," Mwinshehe alisema taratibu. Alikuwa amesimama kwenye mtumbwi bila kujua amesimama lini.

"Kaa chini, Sajini. Wewe huwezi hivyo."

*

Nyumba ya Mashaka ilikuwa ya kwanza kutoka mtoni. Mbwa, aliyetangulia kutua, alikuwa kwenye majani ya ukingo akijikung'uta. Mwinshehe alimpita makusudi, akaingia uani peke yake.

Biasha, mke wa Mashaka, alikuwa jikoni pa nje akiponda vitunguu saumu kwa chupa ya soda juu ya kibao. Nyuma yake, juu ya chanja, samaki wadogo walikuwa wakikaushwa kwa moshi, wamepangwa safu kwa safu.

"Karibu, Afande. Utanisamehe, chakula kitachelewa. Chupa haipondi, inateleza tu."

"Kinu chako kimevunjika?"

"Kinu kipo, mchi ndio umepotea. Alinipa mama nilipoolewa. Nimemuuliza Zubeda binti yangu, nimemuuliza jirani yangu Mboni, kila mtu anaapa hajauona."

"Pole. Samaki hawa ni wenu? Mjumbe ana nyavu?"

"Hana hata ndoana," Biasha alicheka. "Ananiambia anapewa."

Mashaka alitoka ndani, mikono na uso vimelowa. Alikuwa ametia udhu. "Umefika, Sajini. Umekwisha maliza na yule mbwa?"

"Bado. Ndugu Mjumbe, utupa unapondwa vipi?"

"Utupa?"

"Majani ya kulewesha samaki. Mtu akitaka kutia kidimbwini, anapondea nini?"

"Mimi nitajuaje? Ni marufuku. Hayo maji wanakunywa watu."

"Ndiyo. Na Anselmi ndiye aliyekuwa mlinzi wake."

Mashaka alitaka kujibu, lakini macho yake yalikwenda mlangoni mwa ua. Fisimaji alikuwa ameingia. Mashaka aliinama kutafuta jiwe.

"Acha," alisema Mwinshehe. Sauti yake haikupanda. "Leo tumwache afanye anachotaka."

Mbwa alikatiza ua. Alipita karibu na Mwinshehe asimtazame. Alipita jiko, samaki na harufu yao. Alipofika mbele ya Mashaka aliketi, akainua kichwa, akausogeza mchi kuelekea mkono wake wa kulia. Maji yalimtiririka kidevuni. Hakunguruma. Alisubiri.

"Mpokee," alisema Mwinshehe.

"Nina udhu."

"Udhu hautenguki kwa mbwa. Utanawa mkono kwa udongo na maji, mimi mwenyewe nitakumiminia. Mpokee, Mashaka. Amevuka mto huu kila siku kukuletea wewe. Mkewe Anselmi hampi. Mimi hanipi. Kwa nini wewe?"

Mashaka hakusogea. Biasha alikuwa ameinuka kutoka jikoni, chupa mkononi. Alikuwa hajapata kumwona mbwa huyo kwa karibu. Kila alipokuja alifukuzwa kabla hajafika uani.

"Baba Zubeda," alisema, na usoni mwake palikuwa na furaha ya mtu aliyeona kilichompotea, "si mchi wangu huo?"

Furaha ile ilimtoka taratibu. Alimtazama askari, kisha mumewe, kisha samaki wa kwenye chanja.

"Alisema atanisimamisha mbele ya mkutano wa kijiji," Mashaka alisema hatimaye. Alikuwa akimwambia mkewe. "Mimi, mjumbe. Nilimsihi. Akageuka aende zake, mchi nilikuwa nao mkononi. Niliurusha palipo na kina, Biasha. Niliuona ukizama."

"Na Abeid?" aliuliza Mwinshehe.

"Abeid alikwisha jisema mwenyewe mbele za watu."

"Jumatatu wangeanza kumpeleka kwenye kitanzi."

Mkono wa kulia wa Mashaka ulikuwa umelegea, na vidole vikafunguka, labda kwa kuchoka. Fisimaji aliweka mchi ndani yake kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayemkabidhi mwingine mtoto aliyelala.

Mwinshehe alikuwa tayari kwa mngurumo, kwa meno, kwa lolote ambalo kiumbe mwenye kisasi angefanya. Lakini mbwa alirudi nyuma hatua chache. Masikio yalimsimama. Mkia ulianza kupiga vumbi. Macho yake yalikuwa juu ya ule mkono, yaking'aa, na mwili wote ulitetemeka kwa hamu.

Ndipo Mwinshehe alipoelewa. Siku zote hizi, kwa mawe na mateke, hakuwa akimshitaki mtu. Alikuwa amefanya kazi aliyopewa, na alikuwa akingoja Mashaka arushe tena.

Mashaka naye aliliona. Akakaa chini pale pale vumbini na kanzu yake nyeupe.

Mwinshehe aliuchukua mchi kwa mkono mtupu, ukiwa bado na mate, akaufunga kwenye leso. Mzee Kondo, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa ua, alileta kata ya maji bila kuambiwa. Sajini alichota udongo, akasugua viganja, akanawa, akarudia na kurudia kama alivyofundishwa utotoni.

Waliporudi ng'ambo, Mashaka katikati ya mtumbwi na pingu mikononi, Fisimaji aliogelea ubavuni mwao, mdomo mtupu. Stellamaris alikuwa kivukoni. Aliona pingu, akaona nani amezivaa. Hakupiga kelele. Alipiga ishara ya msalaba, kisha akamtazama mbwa aliyetoka majini na kusimama mbele yake bila kitu, kama asiyejua la kufanya na mdomo wake.

Mama yule aliinama, akaokota kipande cha tete kilicholetwa na mafuriko. Alikishika kwa muda. Halafu akakirusha, mbali kadiri alivyoweza, kwenye maji mekundu ya Ruvu.